Mheshimiwa Auza Nyumba kwa Video

Geti lilikuwa wazi, na hilo lilikuwa kosa la geti. Mheshimiwa hupita mitaa ya watu wenye uwezo akitazama juu juu, kama mkaguzi wa nyaya za umeme, lakini geti likiwa wazi husimama. Ndani aliona nyumba pana yenye veranda, madirisha yamefungwa, hakuna gari, hakuna mbwa, hakuna nguo kwenye kamba. Kulikuwa na bibi mmoja tu, mwembamba, kitambaa kichwani, anafagia majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Pole na kazi. Unafagia hapa kila siku?"

"Kila asubuhi. Nisipofagia mimi, afagie nani?"

"Mzee mwenye nyumba yupo?"

"Alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu."

"Lo, poleni sana. Na watoto wake?"

"Wako ng'ambo. Wanapiga simu sikukuu, wakikumbuka."

"Kwa hiyo funguo anakaa nazo nani?"

Bibi akagusa mfuko wa gauni lake. Funguo zikalia humo ndani.

Mtu mwingine angeuliza swali moja zaidi. Mheshimiwa hakuuliza, kwa sababu alishaliona fagio, na kwa elimu yake yeye mtu aliyeshika fagio hawezi kuwa ameshika kitu kingine chochote hapa duniani.

Hapa inabidi tuelezane Mheshimiwa ni nani. Hakuwa mbunge, wala diwani, wala hata kiranja alipokuwa shule. Jina alipewa na mtaa kwa sababu ya kuongea. Ukimuuliza saa, anaanza kwa kukushukuru kwa swali zuri. Kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba, na anwani yake ilikuwa kochi. Namaanisha kochi hasa, lile la watu watatu, kwenye sebule ya kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, haonekani nyumbani ila kwa bahati, kwa hiyo aliyebaki kutawala sebule ni mke wa kaka, mwanamke mpole sana asipokuwa ameudhiwa.

"Shem," alimwambia wiki ile ile, "kochi ni kitu cha kukalia. Mwezi huu ukiisha nataka kulikalia."

"Shemeji yangu, nikiuza nyumba moja tu nahamia kwangu."

"Kwani umewahi kuuza nyumba gani?"

Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana lilimuuma. Mheshimiwa alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, na kwenye ukurasa huo aliwahi kutangaza majumba ya ajabu, ila video zenyewe alizichukua kwa watu asiowajua. Mambo yalikwenda vizuri hadi mtazamaji mmoja alipouliza kwa adabu hiyo theluji inayoonekana dirishani huwa inaanza kuanguka mwezi gani hapa kwetu. Wakacheka watu wengi. Mheshimiwa akajifunza somo, ingawa si lile ambalo wewe na mimi tungejifunza. Alichojifunza ni kwamba unahitaji nyumba ya kweli, halafu unahitaji sura ya mtu. Nyumba peke yake haimtoi mtu machozi.

Sasa nyumba ilikuwa mbele yake, na sura ilikuwa inafagia.

"Bibi," alisema, akishusha sauti, "wewe ungependa kuonekana kwenye video?"

"Video ya nini?"

"Ya nyumba. Naitangaza. Wewe unasimama pale sebuleni, unasema nyumba hii ni yako, unaiuza. Basi. Nakupa na pesa ya usumbufu."

Bibi aliacha kufagia. Akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akarudi tena kwenye viatu.

"Hebu nielewe vizuri, mwanangu. Unanilipa mimi, niseme nyumba hii ni yangu?"

"Ndiyo maana yake."

"Na nikisema niliishi humu na marehemu mume wangu?"

"Aa, bibi! Hapo umeua kabisa!"

"Na nikisema wanangu wako ng'ambo?"

Mheshimiwa alimshika mkono kwa furaha. Wasanii wengine wanasomea miaka, alimwambia, na wewe umezaliwa nayo. Bibi akasema haya, lakini pesa ya usumbufu ilipwe kwanza. Akalipwa.

Sasa msidhani Bibi alikuwa na tamaa. Shida yake ilikuwa moja. Madalali wa mji ule walikuwa wamemzungusha mpaka akachoka. Kila mmoja alidai hela ya kutangaza, akaenda nayo, hakurudi. Bibi alitaka auze akaishi moja kwa moja na dada yake, ambako tayari alikuwa analala na ameshahamishia viti, maana walikuwa wamepanga kugombana vizuri hadi uzee uwamalize. Kwa hiyo alipotokea dalali anayetoa pesa badala ya kuomba, Bibi alishukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaanza kufikiria atamfanyisha nini kingine.

Kesho yake alimpokea Mheshimiwa akiwa amekunja uso.

"Mwanangu, nimewaza. Mwenye nyumba wa kweli hawezi kuonyesha watu ukuta huu. Ona ulivyobanduka."

Mheshimiwa aliuona ukuta. Akakopa rangi kwa fundi mmoja aliyekuwa bado hamjui vizuri, akavua shati, akapaka. Alipomaliza sebule Bibi akasema mwenye nyumba wa kweli asingevumilia bomba linalovuja jikoni. Mheshimiwa akalala chali chini ya sinki akiwa na spana ya kuazima, maji yanamwingia sikioni. Halafu kukawa na bawaba za mlango wa nyuma. Halafu mifereji ya paa. Kila kitu mwenye nyumba wa kweli asingekubali, na Mheshimiwa kila mara aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akishangaa jinsi huyu mfagiaji alivyoingia kwenye uhusika.

"Bibi una kipaji," alimwambia kutoka juu ya ngazi.

"Ndiyo wanavyosema. Hapo kwenye kona umeruka."

Kikabaki kitu kimoja. Sebule haikuwa na viti, na sebule tupu kwenye video inaonekana kama ghala. Siku hiyo hiyo mke wa kaka aliambiwa kuna kampuni inaosha makochi kwa mashine, ofa ya bure, mwisho leo. Yeye alikuwa na haraka ya kutoka. Aliporudi, sebule yake ilikuwa na zulia na televisheni, na seti nzima ya makochi ilikuwa juu ya mkokoteni, inakwenda kuigiza.

Video yenyewe ilirekodiwa asubuhi, jua likiingia dirishani. Hapa tumpe mtu haki yake, kwa sababu Mheshimiwa kazi aliijua. Alifuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati. Alitembea amekunja magoti ili simu isitikisike, akisukuma milango kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayebeba sinia la mayai. Mfuniko wa choo aliufunga. Alifungua bomba la jikoni ili watu wayaone maji, akalifunga kabla halijasema la kwake. Kisha kamera ikafika sebuleni, na pale kwenye kochi, mikono mapajani, alikuwa ameketi Bibi.

"Wapendwa watazamaji," ilisema sauti ya Mheshimiwa, "huyu ndiye mwenye nyumba. Mama wa watu. Mjane. Bibi, nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na kwa nini unaiuza?"

"Nimebaki peke yangu. Mume wangu aliijenga kidogo kidogo. Kila tukipata hela tunaongeza chumba. Hapo alipokuwa anakaa, hapo dirishani, mpaka leo sipendi kukaa."

Akalitazama dirisha. Mheshimiwa mwenyewe, nyuma ya simu, akajisemea kimoyomoyo, huyu bibi hatari.

"Watazamaji," alimalizia, kwa kuwa ulimi wake haujui breki, "hapa hakuna maneno mengi. Kila unachokiona kwenye video hii ndicho unachouziwa. Bei ni ya huruma. Wahi."

Iliwekwa mtandaoni mchana. Jioni simu ilikuwa imepata moto mfukoni. Watu waliisambaza, wakaweka vikaragosi vya kulia. Mmoja aliandika, "Huyu bibi hawezi kudanganya." Mwingine akaandika, "Dalali kwa mara ya kwanza naona unaongea ukweli." Mheshimiwa alisoma maoni yote amejinyoosha kwenye kochi, ndani ya nyumba ile ile, maana Bibi alikuwa amesema ni vizuri mtu akilala pale, wezi wasije. Kwa hiyo akawa pia mlinzi, bila mshahara. Lakini alilala vizuri. Hakuna aliyewasha taa usoni mwake alfajiri akitafuta rimoti. Alitazama dari aliyoipaka mwenyewe na kwa mara ya kwanza akatamani, kweli kabisa, kuwa na mlango wake wa kufunga. Alipanga hivi: apatikane mwenye tamaa mmoja, atoe malipo ya awali, halafu Mheshimiwa apande basi kwenda mji mwingine akapange vyumba viwili.

Mke wa kaka alipiga simu kila siku.

"Shem, makochi yangu bado yanaoshwa?"

"Yanakaushwa, shemeji."

"Wiki nzima?"

"Sponji yake ni nene. Umenunua kitu cha maana, lazima nikusifu."

Mwenye tamaa alipatikana. Alikuwa mfanyabiashara wa magodoro, mtu wa tumbo na pete, maarufu kama Tajiri wa Magodoro, na alikuja kuiona nyumba akiwa na uso wa mtu anayeficha kicheko. Bei ya mjane ilimfurahisha mpaka akawa anakohoa. Aligonga kuta. Akaruka ruka kwenye kochi akiwa ameketi, akaminya sponji kwa kidole gumba, akaguna kwa heshima.

"Bibi anajua bei ya nyumba mtaa huu?" alimnong'oneza Mheshimiwa.

"Hajui chochote, mheshimiwa mwenzangu. Ni mtu wa Mungu tu."

"Watoto wake?"

"Hawana habari. Ndiyo maana ninasema tusichelewe. Lete malipo ya awali Ijumaa, mkononi kwangu, mimi namshikia. Ukimpa yeye atapaniki aanze kuuliza watu."

Tajiri alikubali, wakashikana mikono, wezi wawili wanaoaminiana. Lakini Tajiri alikuwa na ugonjwa mmoja ambao Mheshimiwa hakuupima. Hakuweza kumlipa dalali. Si kwamba hana. Ilikuwa inamuuma tu, mwilini. Maisha yake yote, akionyeshwa kitu na dalali, alirudi kesho yake kwa mlango wa nyuma kumtafuta mwenyewe. Kwa lugha ya kazi wanaita kumruka dalali. Na safari hii hakuhitaji hata kuuliza mwenyewe ni nani, maana alimwona kwenye video, ameketi kwenye kochi, anasema "Ni yangu."

Ijumaa Mheshimiwa alikaa mkahawani na chai moja mpaka mhudumu akaanza kufuta meza akiizunguka mikono yake. Tajiri hakuja. Simu hakupokea. Mheshimiwa akaenda kwenye nyumba, akakuta geti limefungwa na kufuli jipya linalong'aa. Alikuwa bado analitikisa simu ilipolia.

"Shem," alisema mke wa kaka, kwa sauti tulivu ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "jana rafiki yangu kanitumia video. Nyumba nzuri. Makochi ndiyo nikayashangaa."

"Shemeji, nakuelezea..."

"Nikaandika pale chini, hayo makochi ni yangu. Baba mmoja wa magodoro akaniona, akaomba namba, akanipigia. Sasa hivi niko kwa mwanasheria. Bibi yupo, huyo baba yupo, wanasaini. Wanasema nyumba inauzwa na vyote vilivyo kwenye video, wewe ndiye uliyesema."

Mheshimiwa hakusikia la makochi. Alisikia "Bibi yupo, wanasaini", na damu ikamchemka. Mfagiaji! Amemfundisha kazi mwenyewe, amempa mtaji, sasa anamuibia wizi wake! Hakuna kitu kibaya kama mtu asiye mwaminifu, alifikiri, akakimbia barabara nzima akiwa na uchungu wa kweli.

Ofisi ya mwanasheria ilikuwa ghorofani, ina feni inayogeuza kichwa na viti vya plastiki. Mwanasheria alikuwa mzee mwenye miwani kwenye paji la uso. Bibi alikuwa amevaa gauni zuri, bila kitambaa kichwani. Tajiri alikuwa ameshika kalamu. Mke wa kaka alikuwa na mkoba mapajani.

"Simamisheni!" alipiga kelele Mheshimiwa mlangoni. "Tajiri, usisaini! Huyu si mwenye nyumba! Huyu ni mfagiaji!"

Feni ikageuka kumtazama, ikageuka tena.

"Mfagiaji?" aliuliza mwanasheria.

"Nilimkuta na fagio! Mimi mwenyewe nilimlipa aseme nyumba ni yake!"

Kalamu ya Tajiri ikasimama hewani. Mwanasheria alishusha miwani yake, akafungua jalada, akatoa hati ya nyumba yenye picha ya Bibi akiwa na nywele nyeusi, akaigeuza ili Mheshimiwa aisome vizuri.

"Mimi nilikuwa shahidi wa ndoa yao," alisema mwanasheria. "Na huyu mama anafagia uwanja wake tangu ndoa. Marehemu alikuwa analalamika kwamba fagio linamwamsha."

Ni mke wa kaka aliyeuliza kwanza, maana watu wapole ndio wenye maswali.

"Kwa hiyo, shem, wewe ulijua nyumba si yake. Halafu ukawa unaiuza."

Mheshimiwa alifungua mdomo. Mara ya kwanza tangu mtaa umpe jina lile, hakukuwa na neno ndani.

"Polisi!" alisema Tajiri, ambaye kwa wizi wa mwenzake alikuwa mkali sana. "Huyu afungwe! Kadanganya watu mtandaoni!"

"Tuone kadanganya nini," alisema mwanasheria, na wakaitazama video pale pale, wote wamejikusanya kwenye simu moja. Mwenye nyumba ni huyu. Kweli. Mjane. Kweli. Mume aliijenga kidogo kidogo. Kweli tupu. Bei ni ya huruma.

"Hapo kadanganya," alisema Bibi. "Nimepandisha."

"Umepandisha?" aliuliza Mheshimiwa kwa sauti ndogo.

"Imepakwa rangi, bomba halivuji, kulikuwa na watu kibao wananipigia baada ya video. Huyu baba nimemwambia bei ya mtaa, akataka kuondoka, nikamwambia aende salama, kuna wengine. Akakaa."

Tajiri alitazama feni. Mwanasheria akafunga simu, akasema amesikiliza neno kwa neno na hajaona kosa la kumpeleka mtu popote. Kwa kweli, akaongeza, ni tangazo la uaminifu kuliko yote aliyowahi kuona kwa dalali. Hilo lilimchoma Mheshimiwa kuliko jela.

Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. Alijifuta jasho, akanyoosha kola.

"Basi, wazee wangu, kama nimeuza nyumba kihalali, haki yangu ya udalali iko wapi?"

"Mimi nimekuruka," alisema Tajiri, waziwazi, kama mtu anayetaja dini yake.

Mheshimiwa akamgeukia Bibi. Bibi alimtazama kwa huruma ya kweli, maana rangi ile aliipaka vizuri.

"Mwanangu, wewe si umesema mbele ya watu wote mimi ni mfagiaji? Mfagiaji atatoa wapi pesa ya dalali?" Akamshika bega. "Nakushukuru lakini. Ningekuwa na binti ningekutafuta umuoe, halafu ningebadili mawazo."

Wakasaini. Tajiri alichukua nyumba na vyote vilivyoonekana kwenye video, na makochi akayalipia kando, mkononi mwa mke wa kaka, bila kubishana sana, kwa kuwa mwenye makochi alishawaambia anapenda kubishana hadi jioni.

Mheshimiwa alizunguka mji akitafuta maneno. Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo, na maneno aliyoyapata yalikuwa mazuri: alikuwa amemtafutia shemeji mteja, amemtoa kwenye makochi ya zamani, na kwa unyenyekevu wake hakuomba chochote isipokuwa nafasi ile ile, ya muda tu.

Mke wa kaka alimsikiliza mpaka mwisho, anakunja nguo.

"Ahsante, shem. Umesema kweli, yale yalikuwa yamechakaa, hasa katikati. Nimeshanunua mapya. Njoo uone."

Sebuleni vilikuwa vimepangwa viti vinne vipya, bado vina nailoni. Vizuri sana, mbao ngumu, mikono mirefu pande zote mbili. Kila kimoja cha mtu mmoja.

Mheshimiwa aliketi kwenye kimoja. Akajaribu kulalia ubavu, goti likagonga mbao. Akavuta viwili vikakutana, katikati ikabaki mikono miwili imesimama, na hapo alijaribu kupitisha mgongo, akashindwa. Akajaribu kurusha miguu juu ya mkono wa kiti, shingo ikakataa. Mke wa kaka alisimama mlangoni akimtazama bila haraka, na nguo alizokuwa anakunja, Mheshimiwa aliona sasa, zilikuwa zake yeye mwenyewe, na zilishaingia kwenye begi.

"Vipi, shem? Vinakaa vizuri?"

"Vinakaa vizuri," alisema Mheshimiwa, akanyoosha mkono kupokea begi.